Mishipa ya Damu Iliyokakamaa na Ugonjwa wa Glakoma

Mzee mmoja mwenye shamba la kahawa na migomba katika mlima wa Kilimanjaro alikuwa na desturi ya kushuka kila asubuhi pamoja na mjukuu wake mpaka kwenye mfereji, ili kufungulia maji yaingie shambani. Mzee huyo alisifiwa sana kwa macho yake. Akisimama ukingoni aliweza kumtambua mbuzi wake kati ya mbuzi wa jirani ng'ambo ya bonde. Basi mjukuu, mvulana wa darasa la sita, alistaajabu alipoona ya kuwa babu yake ameanza kujigonga bega la kulia katika mwimo wa mlango, na ya kuwa akiletewa kikombe cha chai kwa upande wa kulia hakioni mpaka ageuze uso. Siku moja alimkanyaga kuku aliyepita miguuni pake. Watu wa nyumbani walicheka, wakasema ni uzee tu. Mvulana hakucheka, kwa sababu alikuwa amekwisha kumjaribu kwa siri: alisimama kando yake upande wa kulia, akainua mkono na kuupunga, na babu akaendelea kutazama mbele kama mtu aliye peke yake.

Ugonjwa uliomshika mzee huyo huitwa glakoma. Mahali pengi watu huuita presha ya macho, jina ambalo, kama itakavyoonekana, ni nusu ya kweli tu.

Nyuma ya jicho, mahali panapopokea picha ya vitu, umetandazwa utando mwembamba uitwao retina. Kutoka kila upande wa utando huo huja nyuzi nyembamba mno za fahamu, zipatazo kama 1,000,000, nazo hukusanyika mahali pamoja, upana wake kama milimita moja na nusu, zikafanya neva ya jicho ipelekayo habari kwenye ubongo. Glakoma huziua nyuzi hizo fungu kwa fungu. Katika namna yake iliyo ya kawaida haiumi, haiwashi, wala jicho haliwi jekundu. Nyuzi zionazo pembeni hufa mapema, na zile zionazo katikati kabisa hubaki mpaka mwisho. Ndiyo maana mtu aweza kusoma barua, au kumtambua mbuzi ng'ambo ya bonde, hali sehemu kubwa ya nuru yake imekwisha kuzimika. Tena ubongo humficha mwenyewe hasara yake. Mahali palipokufa haoni giza wala doa jeusi; hana habari tu ya kilichopo pale, kama vile mtu yeyote asivyo na habari ya kilichopo nyuma ya kisogo chake.

Usichanganye ugonjwa huu na mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu, hulalamika, hupasuliwa, naye huona tena. Nyuzi za neva zikifa haziotwi tena, wala hakuna kisu kiwezacho kuzirudisha. Wala si ugonjwa wa mbali. Katika Kongwa, nchi ya kati ya Tanzania, watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuzidi walipimwa macho, na habari zao zikachapishwa mwaka 2000: katika kila watu 100, kama 4 walikuwa na glakoma.

Sasa yafaa kueleza neno la presha. Jicho si jiwe. Ni mfuko wa duara uliojaa, nao hukaa katika umbo lake kwa sababu ndani yake mna msukumo, kama mpira uliotiwa upepo. Sehemu ya mbele ya jicho hutengeneza maji safi, polepole sana, yapata tone moja kwa dakika 20. Maji hayo hulisha sehemu za jicho zisizo na damu, kisha hutoka kwa vijifereji vidogo vilivyo katika pembe, pale ambapo pete ya rangi izungukayo mboni hukutana na ukuta wa jicho. Maji yakiingia na kutoka kwa kipimo kimoja, msukumo hubaki sawa. Waganga huupima kwa milimita za zebaki, na katika watu wengi wenye afya huwa kati ya 10 na 21. Vijifereji vikizibika, maji huzidi, msukumo hupanda, na mahali palipo dhaifu ndipo panapoumia, yaani pale nyuma ambapo neva hutoka nje ya jicho. Kichwa cha neva huchimbika polepole mpaka kifanane na kikombe.

Mganga mashuhuri wa Berlin, Albrecht von Graefe, ndiye aliyeonyesha mwaka 1857 ya kuwa glakoma ile kali, iumizayo kwa ghafula, yaweza kuzuiwa kwa kukata kipande kidogo cha pete ya rangi. Macho mengi yaliokolewa. Lakini katika miaka ile ile yeye mwenyewe aliona jambo lililomsumbua: macho mengine yalikuwa na neva iliyochimbika kama kikombe, na bado yakiguswa kwa kidole hayakuwa magumu hata kidogo. Waganga wengi walibishana juu ya habari hiyo, maana ilivunja kanuni nzuri. Siku hizi haibishaniwi. Katika mji wa Tajimi, Japani, watu wa mji walipimwa, na mwaka 2004 ikatolewa habari ya kuwa katika kila watu 100 wenye glakoma ile ya kawaida isiyouma, 92 walikuwa na msukumo wa jicho usiozidi 21.

Hapo hapana budi kuuliza: kama msukumo ni wa kadiri, ni nini kinachoiua neva?

Jibu moja limo katika damu. Mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini huitwa ateri, na ile inayoirudisha moyoni huitwa vena. Ateri ya kijana ni laini na hunyumbuka. Moyo ukipiga hupanuka, moyo ukipumzika hurudi, na kwa kurudi kwake huisukuma damu mbele. Miaka ikipita ukuta wake huwa mnene na mkavu. Tumbako huuharibu, kisukari huuharibu, na shinikizo kubwa la damu lisilotibiwa huuharibu kuliko vyote. Pengine mafuta hujishika ndani yake, na baadaye chokaa, hata njia ikawa nyembamba. Linganisha mpira mpya wa kumwagilia bustani na ule uliosahauliwa juani miaka mitatu. Wote wawili hupitisha maji, lakini wa pili ukikunjwa hupasuka, na ukitakiwa kupanuka haupanuki.

Mkononi au mguuni, damu huingia katika nyama bila kizuizi kikubwa. Jicho ni mbali na hayo, kwa kuwa damu iingiayo mle hukuta mle ndani msukumo unaoirudisha nyuma. Mtoto wa Kilimanjaro aelewe hivi: mfereji ukipita chini kidogo ya shamba, maji hayataingia ila yakiwa na nguvu ya kupanda ukingo. Ukingo ukiinuliwa, maji hupungua shambani. Mfereji ukishuka, maji hupungua vile vile, hata kama hakuna aliyeugusa ukingo. Na mwenye shamba akitazama ukingo peke yake atasema kila kitu ni salama, huku migomba inanyauka.

Hesabu yake si ngumu. Shinikizo la damu hupimwa kwa namba mbili: ya juu moyo upigapo, ya chini moyo upumzikapo. Tuseme ya chini ni 80, na msukumo wa jicho ni 17. Themanini kutoa 17 ni 63. Hiyo ndiyo nguvu iliyobaki ya kuipeleka damu ndani ya jicho wakati moyo umepumzika. Sasa usiku umeingia, na mtu huyo amelala. Shinikizo la damu hushuka kwa watu wengi walalapo. Tuseme limefika 55. Msukumo wa jicho, kinyume chake, hupanda mtu akijilaza. Tuseme umefika 20. Iliyobaki ni 35. Hakuna namba hata moja kati ya hizo ambayo peke yake ingemtisha mganga, na bado neva imepunguziwa chakula karibu nusu ya nguvu yake.

Kwa mtu mwenye mishipa mizima hilo si neno. Ateri ndogo za jicho huhisi upungufu, hujipanua zenyewe, na damu hupita kwa wingi ule ule. Asubuhi neva haijui hata kama kulikuwa na shida. Lakini ateri zilizokakamaa hazijipanui vema. Usiku ukija neva hushinda njaa, na usiku wa pili, na wa mia, na wa elfu. Nyuzi hufa chache chache bila kelele. Huko Barbados, kisiwa ambacho wakazi wake wengi wana asili ya Afrika, watu walifuatwa kwa miaka 9, na habari iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha ya kuwa wale ambao nguvu hiyo iliyobaki ya damu ilikuwa ndogo walipata glakoma kuliko wenzao. Na mwaka 1994 Sohan Singh Hayreh, mganga wa Iowa katika Marekani, aliwaonya waganga wenzake juu ya kushuka mno kwa shinikizo la damu usiku, hasa kwa wagonjwa wanaotumia dawa za kulishusha.

Iko njia ya pili, nayo ni ya kikatili zaidi. Kuieleza hapana budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, aliwapa waganga chombo cha kutazamia ndani ya jicho kwa kioo na taa. Kwa mara ya kwanza waliona ateri na vena za mtu aliye hai bila kumkata. Mpaka leo hakuna mahali pengine mwilini zinapoonekana wazi vile. Katika miaka ya 1890 Robert Marcus Gunn wa London alichunguza kwa chombo hicho macho ya watu wenye mishipa migumu. Aliona ateri zao zikimetameta kama waya wa shaba. Akaona tena ya kuwa mahali ambapo ateri kama hiyo hupita juu ya vena, vena hubanwa, kana kwamba imekanyagwa. Katika macho, ateri na vena zikipishana hufungwa pamoja katika ala moja. Mmoja akiwa mgumu, mwenzake hana pa kukimbilia.

Damu katika vena iliyobanwa huenda polepole, na damu iendayo polepole huganda. Ndipo mtu huamka asubuhi jicho moja likiona ukungu mzito. Hatari ni kubwa hasa ikiwa vena kuu ndiyo iliyozibwa, pale ndani ya neva ambapo ateri kuu na vena kuu hukaa bega kwa bega. Retina iliyokosa damu hutoa dawa yake yenyewe ya kuita mishipa mipya iote. Mishipa huota kweli, lakini ni dhaifu, tena haina adabu: huenda mpaka mbele ya jicho, hutambaa juu ya pete ya rangi, na kuingia katika vile vijifereji vya pembeni kama mizizi ya mti iliyoingia katika bomba. Maji hayana pa kutokea. Msukumo hupanda sana, jicho huwa jekundu, na maumivu hayavumiliki. Kwa kuwa balaa hilo mara nyingi hutokea kama miezi mitatu baada ya vena kuzibwa, waganga waliliita glakoma ya siku mia. Siku hizi mgonjwa akiwahi huchomwa sindano jichoni ya kuizuia mishipa hiyo, na retina hupigwa mwanga mkali wa leza. Asipowahi, mara nyingi jicho hupotea.

Je, basi kila mwenye ateri ngumu atapata glakoma? Sivyo. Waganga wa Rotterdam, Uholanzi, walichukua maelfu ya watu, wakapima unene wa ateri zao na mafuta yaliyojishika humo, wakawangoja miaka. Mwaka 2006 walitoa jibu: katika watu hao, wenye ateri zenye mafuta hawakupata glakoma ya kawaida kwa wingi ulio dhahiri kuliko wengine. Jibu la namna hiyo halipendezi kama jibu la ndiyo, lakini mwanafunzi alipokee kwa heshima ile ile, maana lina faida: laonyesha ya kuwa mishipa migumu peke yake haitoshi kuleta glakoma hiyo. Msukumo wa jicho umo, urithi wa ukoo umo, umri umo, na njaa ya damu huongezwa juu ya hayo.

Mjukuu yule hakujua lolote katika hayo. Alijua tu ya kuwa babu yake hauoni mkono wa kulia. Alimwambia mama yake, na mama, baada ya kumpungia mzee mkono yeye mwenyewe, aliuza debe mbili za mahindi, wakashuka wote watatu mpaka Moshi kwa daktari wa macho.

Daktari alimpima mzee msukumo wa macho, akakuta 17. Mama alishukuru, akidhani habari imekwisha. Lakini daktari alimtia mzee dawa ya kupanua mboni, akangoja, akatazama ndani kwa muda mrefu, kwanza kushoto, halafu kulia. Neva ya kulia ilikuwa imechimbika karibu yote. Ya kushoto ilikuwa imeanza. Na ateri zilimetameta kama waya wa shaba.

"Mzee wangu," daktari akauliza, "unatumia dawa yoyote?"

"Dawa ya presha, mwanangu. Mwaka wa nane sasa. Nameza mbili kila siku."

"Unameza saa ngapi?"

"Usiku nikienda kulala, zote mbili. Mchana nasahau."

Daktari aliandika barua kwa mganga wa zahanati aliyempa dawa zile, akimwomba ampime mzee shinikizo la damu usiku na mchana, na kufikiri kama saa ya kumeza ibadilishwe. Akaisoma barua kwa sauti, kisha akamshika mzee mkono. "Lakini usiziache, baba, hata siku moja, kwa shauri lako mwenyewe. Presha ikipanda bila dawa, mshipa waweza kupasuka kichwani, na hapo hatutazungumza tena habari za macho. Endelea kama ulivyo mpaka yeye akuambie."

Kisha alimpa chupa ndogo ya matone ya kushusha msukumo wa macho. Mama akauliza kwa nini ushushwe, hali ni wa kadiri. Daktari akajibu ya kuwa kama mfereji una maji machache, ukingo nao sharti upunguzwe. Na ya kuwa jambo hilo lilijaribiwa Marekani na kwingineko kwa wagonjwa wenye msukumo wa kadiri, na mwaka 1998 ikaonekana ya kuwa wengi wa walioshushiwa kwa sehemu 30 katika 100 waliponyoka kuharibika zaidi. Akamfundisha mvulana kazi: tone moja kila jicho wakati wa jioni, kisha kubonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, dawa isikimbilie puani.

Mvulana alikuwa na swali moja. "Jicho la kulia litaona tena?"

Daktari hakujibu upesi. Alimtazama mzee kana kwamba anaomba ruhusa, na mzee akainamisha kichwa.

"Iliyokwenda haitarudi," akasema. "Tunapigania la kushoto."

Walipokuwa wakiondoka daktari aliwaita tena mlangoni, akauliza mzee ana watoto wangapi. Alipoambiwa ya kuwa, zaidi ya mama yule, wako wana wawili wenye umri uliopita miaka 40, alisema waje wote wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Mama alipimwa siku ile ile, akaonekana mzima. Mwana wa kwanza alifika juma lililofuata. Wa pili alituma neno ya kuwa macho yake hayana dosari, kwani jana tu alimtambua mbuzi wake ng'ambo ya bonde.